Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya jamii: mtihani wa kompyuta ufanyiwe kwenye kompyuta

Waheshimiwa wakuu wa vyuo, wakuu wa idara na wajumbe wa kamati za mitaala,

Tunawaandikia sisi tunaofundisha kompyuta na programu za biashara katika vyuo vya jamii, pamoja na mafundi wanaotunza maabara zake. Ombi letu ni moja, na tunaliweka mwanzoni ili lisipotee njiani: futeni mtihani wa kompyuta wa karatasi na kalamu, na mahali pake mweke mtihani wa faili. Mwanafunzi akae mbele ya mashine, apewe faili chafu ya aina zinazofika ofisini kila siku, aisafishe, atoe jibu, na aonyeshe alivyolipata. Mtihani ndio unaoivuta kozi nzima. Unakoelekea, mwalimu, ratiba na bajeti ya maabara vyote vinafuata.

Kwani mtihani wa sasa unauliza nini? "Taja faida tano za lahajedwali." "Eleza vizazi vitano vya kompyuta." "Orodhesha hatua za kuhifadhi hati." Mwanafunzi anaweza kupata alama 80 bila kugusa kipanya, na mwenzake anayeweza kufunga hesabu za mwezi kwa jioni moja akaanguka kwa sababu faida ya tano imemtoka kichwani. Mwalimu naye anafundisha kinachoulizwa, na hatumlaumu.

Tuieleze faili yenyewe, maana wengi wakisikia "mtihani wa vitendo" hufikiria kupamba maandishi kwa rangi. Tengenezeni jedwali la mauzo lenye mistari 300 hivi: tarehe, namba ya ankara, jina la mteja, namba ya simu na kiasi. Kisha litieni kasoro kwa makusudi. Maswali yawe matatu tu: jumla ya mauzo kwa kila mwezi, wateja watano walionunua zaidi, na ankara zilizoingizwa mara mbili. Hayahitaji kupambwa. Ugumu umo ndani ya faili.

Kasoro ya kwanza: chukueni seli 12 za kiasi mzigeuze ziwe maandishi. Kwa macho zinafanana na namba, ila zinaegemea kushoto mwa seli badala ya kulia, na huenda zikawa na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ambayo hakuna anayeitazama. Hapo ndipo penye mtego. Katika Excel, fomula ya =SUM(E2:E301) itaziruka zote 12 na kutoa jumla iliyopungua, bila neno. Lakini ukiandika =E2+E3, programu itayageuza maandishi hayo kuwa namba na kuyajumlisha vizuri. Seli ni zilezile, majibu ni mawili. Aliyekariri kwamba SUM hujumlisha hatashtuka. Aliyefundishwa kazi ataanza kwa kulinganisha COUNT, inayohesabu namba peke yake, na COUNTA, inayohesabu kila seli yenye kitu. Ya kwanza ikitoa 288 na ya pili 300, anajua kuna seli 12 za kutafuta kabla hajagusa chochote.

Tarehe ni balaa zaidi. Faili iliyoandikwa kwa mpangilio wa siku, mwezi, mwaka ikifunguliwa kwenye mashine iliyowekewa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia, 03/04/2025 inasomwa kuwa Machi 4. Tarehe 13 na kuendelea haziwezi kusomwa hivyo kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, basi zinabaki maandishi. Safu moja sasa ina tarehe zilizopinduliwa, zile za siku 12 za kwanza za mwezi, zikichanganyika na tarehe ambazo kwa kompyuta si tarehe kabisa. Ukijumlisha kwa mwezi, mauzo ya Aprili 3 yanaingia Machi na hakuna anayejua. Kurekebisha moja moja hakusaidii, kwa sababu ukishafika katikati huwezi tena kutofautisha iliyopinduliwa na iliyo sawa. Njia ni kurudi kwenye faili ya asili na kuiingiza upya huku ukiiambia programu mpangilio wa tarehe uliotumika.

Hii inatuleta kwenye jambo ambalo kozi nyingi hazilifundishi hata kwa dakika moja: faili ya CSV, yaani maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa alama kama mkato, haifunguliwi kwa kuibofya mara mbili. Mifumo ya benki, ya simu na ya hospitali hutoa data kwa muundo huu. Ukiibofya, Excel inajiamulia yenyewe kila safu ni ya aina gani. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake. Namba ya akaunti yenye tarakimu 16 hugeuzwa tarakimu yake ya mwisho kuwa sifuri, kwa kuwa Excel hubeba tarakimu 15 tu katika namba. Sifuri ya mbele unaweza kuirudisha ukijua urefu wa namba, lakini tarakimu ya 16 ukishahifadhi faili imekwenda. Mwanafunzi afundishwe kupitia menyu ya Data, achague kuingiza kutoka CSV, na kuweka safu za simu na akaunti kuwa maandishi kabla ya kupakia. LibreOffice Calc kwa hili ina adabu zaidi, kwani hufungua dirisha la kuuliza kabla ya kuingiza.

Majina ya wateja yatieni nafasi tupu mwishoni. Kwa mtu ni mteja yuleyule, kwa programu ni wateja wawili, na orodha ya watano wakubwa inavurugika. Wengi watatumia TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, na kudhani wamemaliza. Wekeni basi majina machache yaliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti, yenye ile nafasi isiyokatika ambayo TRIM haiigusi. Inaondolewa kwa SUBSTITUTE, fomula ya kubadilisha herufi, na CHAR(160), ambayo ndiyo nafasi yenyewe. Katikati ya jedwali pia tieni mstari mmoja wa jumla ndogo, ambao asiyetazama ataujumlisha pamoja na mauzo. Na katika ankara zilizorudiwa, wekeni jozi moja iliyorudiwa kweli na jozi nyingine yenye mteja mmoja na kiasi kimoja lakini namba za ankara tofauti. Hiyo ya pili haipaswi kufutwa. Kitufe cha kuondoa marudio hakijui hivyo. Kinafuata safu ulizochagua.

VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha na kuleta thamani iliyo mbele yake, inahitaji swali lake. Kigezo chake cha nne usipokiandika kabisa, fomula inatafuta kinachokaribia, ikidhani orodha imepangwa kutoka kidogo hadi kikubwa. Orodha isipopangwa, inaweza kuleta bei ya bidhaa nyingine kabisa, bei inayoonekana ya kawaida, bila alama yoyote ya kosa. Ni bora mara mia ipige kelele kwa #N/A, alama ya kwamba haikupata kitu. Kwa hiyo kila mara iandikwe FALSE au 0 mwishoni, na mwanafunzi aeleze kwa nini. XLOOKUP imeondoa mtego huu kwa kutafuta kinacholingana kabisa bila kuambiwa, lakini haimo katika Excel 2016 wala 2019, na ofisi nyingi bado zina matoleo hayo. Fundisheni zote mbili.

Usahihishaji ndio unaowatia hofu wengi wenu, kwa hiyo tuseme unavyofanyika. Kila mwanafunzi apewe faili yenye kasoro zilezile lakini namba tofauti, iliyopewa jina kwa namba yake ya usajili. Hii inatengenezwa kutoka faili mama kwa kuzidisha kiasi kwa namba nasibu na kubandika matokeo kama thamani, ndipo kasoro zitiwe, kwa kuwa kuzidisha kunayageuza maandishi kuwa namba. Majibu sahihi ya kila faili yanawekwa kwenye orodha ya mtahini. Anayenakili jibu la jirani anajifichua mwenyewe. Mtahini anaangalia kwanza jumla. Kisha, kwenye nakala, anaongeza 1,000 kwenye kiasi kimoja cha data. Jumla isiposogea kwa 1,000, mwanafunzi aliandika namba kwa mkono, au fomula yake haifiki mahali hapo. Halafu anaonyesha fomula zote kwa kubonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha alama ya ` na kutazama zinaanzia wapi na kuishia wapi.

Hatua hiyo ya mwisho si ya mapambo. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alifungua lahajedwali la wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, ambao makala yao ya 2010 kuhusu madeni ya mataifa ilinukuliwa sana na wanasiasa, akakuta fomula ya wastani imeishia mapema na kuziacha nchi tano nje. Nako Uingereza, Oktoba 2020, ilibainika kwamba watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na Covid-19 hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati, kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili za muundo wa zamani wa .xls, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Muundo wa .xlsx unafika 1,048,576. Hao hawakuwa watu wasiojua kompyuta. Walikosa mazoea ya kuhesabu mistari iliyoingia na iliyotoka, na mazoea hayo yanafundishika kwa wiki moja.

Sehemu ya alama, tungependekeza robo, itolewe kwa maelezo mafupi ambayo mwanafunzi anaandika ndani ya faili: amekuta nini, amebadilisha nini, na nini amekiacha na kwa nini. Mtu anayeweza kuandika "jozi hii nimeiacha kwa kuwa namba za ankara ni tofauti, aulizwe aliyeiingiza" amefuzu kuliko anayejua njia za mkato hamsini.

Programu za hesabu za biashara zina ugonjwa wa aina yake. Kozi inafunguliwa kwa skrini ya ankara kwa kuwa inapendeza, wakati kazi huanzia nyuma: mpangilio wa akaunti, kisha salio za kuanzia kwa tarehe moja, kisha wateja na wasambazaji, kisha bidhaa na kodi, ndipo miamala. Anayeruka hatua anaishia kuingiza salio la benki la kuanzia kama mapato, na biashara inaonekana imepata faida siku ya kwanza kabla ya kuuza kitu.

Kosa linaloharibu vitabu vingi kuliko mengine yote ni hili. Biashara inatoa ankara ya 50,000; programu inaandika mapato 50,000 na mteja anadaiwa 50,000. Mteja analipa. Karani, badala ya kufungua "pokea malipo" na kuiunganisha na ankara ile, anaingia kwenye benki na kuandika amana ya 50,000 akiipeleka kwenye akaunti ya mauzo. Sasa mapato yamekuwa 100,000, mteja bado anadaiwa, kodi italipwa mara mbili, na urari unalingana vizuri kabisa. Urari ukilingana unaonyesha tu kwamba debiti ni sawa na krediti. Anayeligundua kosa hili ni yule anayesoma orodha ya wadaiwa na kuuliza kwa nini mteja anayelipa vizuri ana deni la miezi mitatu. Kwa hiyo mtihani wa programu ya hesabu uwe vitabu vilivyokwisha kuharibiwa hivi, pamoja na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, na mwanafunzi alinganishe mpaka tofauti ifike sifuri. Wekeni na tarakimu zilizopinduliwa, 540 mahali pa 450. Tofauti ni 90, na tofauti inayogawanyika kwa 9 ndiyo dalili ya kwanza anayopaswa kuifikiria.

Kodi nayo: bidhaa ya 1,150 yenye kodi ya asilimia 15 ndani yake ina kodi ya 150, lakini aliyechagua mpangilio wa bei isiyo na kodi atapata 172.50 juu yake. Stoo inayosoma hasi mara nyingi ni manunuzi yaliyoandikwa tarehe ya baada ya mauzo. Na acheni kuwapa wanafunzi wote akaunti ya msimamizi mkuu. Mmoja aingize ankara, mwingine aidhinishe malipo, wa tatu alinganishe benki. Muamala uliokosewa urekebishwe kwa ingizo la kuurudisha, usifutwe. Hivyo ndivyo ofisi inavyolinda fedha zake, na haifundishiki kwa karatasi.

Msitumie uhaba wa leseni kama kisingizio. GnuCash ni ya bure, inafuata uandishi wa pande mbili kikamilifu, na inakaa kwenye mashine dhaifu. Odoo ina toleo la jamii lisilolipiwa na ERPNext ni huria. Mkitumia toleo la kujifunzia la TallyPrime jueni kwamba linakubali miamala ya tarehe 1, 2 na 31 pekee, basi mazoezi yapangwe kwa tarehe hizo, la sivyo darasa zima litakwama likidhani programu imeharibika.

Kuhusu kuandika hati tutakuwa wafupi. Mitindo ya vichwa, yaliyomo yanayojitengeneza, kikomo cha ukurasa badala ya kubonyeza Enter mara ishirini, na barua za kuunganisha na orodha. Katika hizo za mwisho tarehe hugeuka mpangilio zikitoka Excel. Uga wa tarehe ndani ya barua unaongezewa \@ "dd/MM/yyyy", na MM lazima iwe herufi kubwa kwa sababu mm ndogo ni dakika. Slaidi zinatosha kwa kipindi kimoja. Muda mnaozipa sasa ni wa kusikitisha.

Wiki mbili za kwanza, hata hivyo, msiziguse kuzipunguza. Wanafunzi wengi wanaoingia sasa wamekulia kwenye simu na wana kasi ya ajabu ya vidole, lakini hawajawahi kuona folda. Hawajui faili iko wapi, wanajua tu programu iliyoifungua. Waanze kwa kuwasha uonyeshaji wa viendelezi vya majina ya faili, watofautishe kuhifadhi na kuhifadhi kama, wafungue faili iliyobanwa kwa kuitoa kwanza kwenye folda ya kawaida. Anayeifungua na kuihariri ikiwa bado ndani ya zipu hujikuta kazi yake imebaki kwenye folda ya muda ambayo hataipata tena. Wafundishwe pia kumtambua yule mgeni wa kila maabara, kirusi cha flashi kinachoficha folda na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale.

Mashine. Kompyuta moja kwa wanafunzi watatu humfundisha mmoja, yule anayeshika kipanya. Ni heri vikundi viwili vya watu 15 kwa saa mbili kuliko 30 kwa saa nne. Msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, kwa hiyo mashine nyingi nzuri haziwezi kuhamia huko. Zisitupwe: zikiongezewa RAM ifike 8 GB na diski ya SSD badala ya ile inayozunguka, zinaendesha Linux na LibreOffice bila shida, na karibu kasoro zote tulizotaja zinaweza kufundishwa humo. Kama maabara yenu hutumia programu inayorudisha mashine katika hali ya awali kila inapowashwa, wekeni folda ya kila mwanafunzi kwenye seva, la sivyo umeme ukikatika dakika ya 50 kazi ya kipindi chote inafutika. Siku ya mtihani UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, iwe kwenye seva na swichi ya mtandao, uhifadhi wa moja kwa moja uwe kila dakika 2, na masasisho yasimamishwe tangu jana yake.

Mtatuuliza kuhusu akili unde, kwamba siku hizi mashine inaandika fomula. Kweli inaandika, na mara nyingi vizuri. Wanafunzi waitumie hata kwenye mtihani, kama chuo kinaweza kuiwezesha kwa wote sawa. Isipoambiwa 03/04 ni ya mwezi gani itakisia, na haijui kwamba mteja yule alinunua kitu kilekile mara mbili kweli. Ndiyo maana tunataka robo ya alama iwe ya maelezo.

Hatuombi mtaala mzima ubadilishwe kwa mara moja. Muhula ujao chagueni darasa moja la lahajedwali na moja la programu ya hesabu. Mwalimu wa kompyuta akae na mwalimu wa uhasibu watengeneze faili mama tatu. Wakitenganishwa, wa kwanza atatega mitego isiyo na maana kibiashara na wa pili atasahau CSV. Mtihani uwe saa tatu. Intaneti ifungwe au ifunguliwe kwa wote, lakini uamuzi utangazwe mapema. Usahihishaji utachukua muda mrefu kuliko wa karatasi za kuchagua majibu, kwa hiyo walimu hao wawili wapunguziwe vipindi wiki hiyo. Hilo linahitaji saini yenu, na ndilo pekee katika barua hii ambalo sisi hatuwezi kulifanya.

Wenu katika kazi,
Walimu wa kompyuta na uhasibu, pamoja na mafundi wa maabara